Mwaka wa Waya Mwembamba

Mzee Kibwana alizikwa Chanzuru siku ya Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Nilitoka Kilosa mjini kwa pikipiki, nikafika nimechelewa kidogo kwa sababu ya tope, nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa mtaa ambao hakuna hata mmoja aliyenijua. Upande wa wanaume mtu alikuwa anasoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti. Alikuwa fundi wa kwanza wa umeme wa magari pale Mikumi, alisema. Aliwafundisha kazi watoto wa watu wengi, na hakumwachia mwanafunzi wake mpaka aive. Wanawake niliokaa nao wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa na sahani ya pilau mapajani, na lile neno, hakumwachia, likanifanya nirudishe tonge sahanini. Baadaye niliingia chumbani alikokaa eda mkewe, Mama Zuhura. Amezeeka, macho yake yameingia ukungu, lakini alinijua kwa sauti. "Foibe," alisema, akanivuta mkono mpaka nikakaa chini karibu naye. "Kumbe umekuja." Nikamwambia pole, mama. Akaushikilia mkono wangu muda mrefu, watu wakiingia na kutoka, na hakuna kati yetu aliyeitaja Mikumi.

Nina miaka hamsini na ushee sasa, na ule mwaka niliokaa kwao nimeusimulia mara nyingi. Nimewachekesha watu kwa habari za nyani waliokuwa wakiiba sabuni gereji, na za Mzee Kibwana aliyeweza kukuambia ugonjwa wa alternata, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari, kwa kusikiliza gari likipita barabarani. Kuna sehemu nimekuwa nikiiruka. Hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika, kwa kuwa wasifu uliosomwa Chanzuru nao uliiruka, na nikinyamaza mimi hakuna mwingine wa kuisema.

Nilifika Mikumi mwezi wa kwanza, nikiwa na miaka ishirini na moja, na vyeti viwili ndani ya bahasha ya kaki: cha kidato cha nne na cha ufundi wa umeme wa magari. Mzee Kibwana alivisoma akiwa amevisogeza mbali na uso, akatikisa kichwa kuridhika, halafu akasema, "Chumba chako kina panya, binti. Hivi nitakuwekea mimi." Akaiingiza bahasha kwenye kabati la chuma lililokuwa sebuleni kwake, akafunga, ufunguo akautia mfuko wa ndani wa koti. Nikasema asante. Nilishukuru kwa dhati kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapolikumbuka.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya betri kabla sijahamia. Kilikuwa nyuma ya gereji, kimeshikana na nyumba yao, na kati ya kitanda changu na sebule yao palikuwa na ubao mwembamba tu uliopakwa rangi ya maji. Sakafu ilikuwa imeliwa na asidi, ina vishimo kama vya ndui, na ile harufu kali ya asidi haikutoka hata nilipodeki kwa majivu. Khanga niliyoanika ndani ilitoboka baada ya wiki mbili. Palikuwa na dirisha moja lenye wavu wa chuma, linatazama barabara kuu, na kupitia wavu huo niliyaona mabasi ya Iringa na Mbeya yakipita. Nikaanza kuyajua kwa honi. Saa nne lilipita la kwanza, na kila siku lilipopita niliacha nilichokuwa nacho mkononi, nikasikiliza mpaka mlio ukaishia upande wa Ruaha. Mafundi wawili wa injini walikuja asubuhi na kurudi makwao jioni. Mimi sikuwa na pa kurudi. Geti la mabati lilifungwa kwa kufuli, na nilipotaka kwenda hata dukani nilipaswa kuomba. "Barabara hii ina tembo na ina wanaume," Mzee Kibwana alikuwa akisema, "na wote hawana breki." Alisema akicheka, nami nikacheka, na geti likabaki limefungwa.

Sikuteswa. Lazima niliseme hilo, maana mtu akisikia kifungo hudhani viboko na njaa. Mama Zuhura alikuwa akipika kama mtu anayeomba radhi. Asubuhi maandazi na chai ya tangawizi, mchana ugali na kisamvu cha nazi, na watu wa Ruhembe wakileta miwa alinikatia vipande vidogo akaviweka kwenye bakuli, kana kwamba mimi ni mgonjwa. Tulikula pamoja, yeye na mimi jikoni, na mumewe akila peke yake sebuleni. Na Mzee Kibwana alinifundisha kweli. Alinifundisha kushika waya gizani na kujua umeungwa wapi, kunusa hitilafu kabla mita ya umeme haijasema. Kadiri nilivyojua ndivyo alivyozidi kunihitaji, na kadiri alivyonihitaji ndivyo lile geti lilivyozidi kuwa zito. Nilipomwambia, mwezi wa tano, kwamba nimesikia kuna kazi Morogoro na ningependa kwenda kuomba, hakukasirika. Alisema, "Nenda. Ila vyeti nitakupa ukimaliza gari lile." Gari lile lilipoisha likawepo jingine. Na kuomba kazi ya ufundi bila cheti, kwa msichana, wakati ule, nilidhani ni sawa na kwenda uchi.

Kupitia ubao ule nilisikia mengi. Nilisikia redio, kikohozi, na sala ya alfajiri ya Mzee. Siku moja ya masika, mvua ikiwa imepiga siku tatu mfululizo, nilisikia Mama Zuhura akisema, "Mwambie basi." Na yeye akajibu, "Nikimwambia ataondoka." Nilidhani wanazungumzia mmoja wa wale mafundi wa injini. Nikageukia upande wa pili nikaendelea kushona.

Daktari Hedwiga alikuja katikati ya kiangazi. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti ya kanisani na mikono ya mkulima. Aliendesha lori dogo mwenyewe, na nyuma yake alivuta tela lenye nyumba: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, na friji ndogo iliyotumia betri mbili kubwa zilizowekwa chini ya kitanda. Humo ndimo alimoishi wiki mbili mbili akizunguka kwa wafugaji wa tambarare za Kilosa, na kwenye friji alitunza chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Shida yake ilikuwa rahisi kuielewa. Betri za tela zilikuwa zikiisha kila siku ya tatu, na kwenye maboma ya wafugaji hakuna umeme wa kuzichaji. Alitaka lori lenyewe, linapotembea, lizichaji.

"Kazi ya siku moja hiyo," Mzee Kibwana alisema kabla hajamaliza kueleza.

Nilijua haikuwa ya siku moja. Kutoka kwenye alternata mbele ya lori hadi betri za tela kule nyuma ni mita kumi na moja. Umeme ukisafirishwa mbali hivyo kwenye waya mwembamba unapotelea njiani. Nusu yake inageuka joto. Ulihitajika waya mnene kama kidole gumba, fyuzi kila upande, na rilei, yaani swichi inayojifunga yenyewe injini ikiwaka na kujifungua injini ikizima, ili friji isije ikainyonya betri ya lori. Niliyachora kwenye boksi la kadibodi, nikamwonyesha. Hakulitazama. "Waya huo uko Morogoro," alisema. "Utachukua wiki. Daktari anaondoka kesho."

"Basi tumwambie asubiri, Mzee."

"Nimeshamwambia kesho."

Akaenda stoo akarudi na bunda la waya uliobaki kwenye kazi ya taa za nyumba ya mtu. Ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Nilisema hautafaa. Akasema umeme ni umeme. Nilisema utapata moto. Akasema, "Wewe funga. Mimi ndiye mwenye gereji." Nikalala chini ya lori, mgongo kwenye mchanga wenye oili, nikaufunga. Niliufunga vizuri, hiyo ndiyo ajabu yangu. Nilibana kila kiungo, nikauzungushia mpira usisuguliwe na chesisi, nikauremba waya ambao nilijua hautafika popote. Mwisho akaniambia niweke taa nyekundu ndogo ukutani mwa tela, ili daktari aone umeme unaingia. Injini ikawashwa, taa ikawaka. Taa ya namna ile huwaka hata kama betri ina njaa. Haihitaji kitu.

Daktari Hedwiga aliingia kwenye tela, akaitazama ile taa, akanigeukia. Alinigeukia mimi, akamwacha Mzee aliyekuwa amesimama mlangoni. "Binti, kipimajoto cha friji kimevunjika kwenye mashimo ya barabara ya Kilosa," alisema. "Nimeagiza kingine, sijui kitafika lini. Mpaka kifike, taa hii ndiyo macho yangu. Imekaa sawa?"

Nimejiuliza miaka yote hii sekunde zile zilikuwa ngapi. Nilimwona Mzee Kibwana nyuma ya bega lake, ameweka mkono kifuani, juu ya mfuko wa ndani wa koti. Labda alikuwa anajikuna. Nilisema, "Imekaa, Daktari."

Akaondoka asubuhi. Kwa miezi mitatu alipita Mikumi mara nne kujaza mafuta na kuagiza dawa, na kila mara alinipungia mkono. Mimi kila mara nilijificha chini ya gari la mtu. Usingizi ulinipotea. Nikaanza kuongea peke yangu chumbani, nikijibishana na mtu asiyekuwepo: betri labda zinapata kidogo, asubuhi kuna baridi, chupa zinapoa zenyewe, pengine hata kipimajoto kimeshafika. Mama Zuhura aliniona sili vizuri akadhani nimepata mimba, akaniuliza kwa upole. Nilitamani iwe hivyo. Mimba ingejulikana, ingesemwa, ingeisha. Hili langu lilikuwa linakaa tu, na geti limefungwa, na mabasi yanapita.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya joto kali kabla ya vuli, lori liliingia gereji likiwa na watu wawili. Daktari Hedwiga alishuka bila kumsalimu mtu, akaniambia nibadilishe oili, akaenda posta kupiga simu Morogoro. Mtu wa pili alibaki. Alikuwa mama mfugaji, mtu mzima, amejitanda shuka la bluu, na aliitwa Mama Nashipai. Alikaa kwenye benchi la gereji akiwa ameinyoosha miguu yake juani kama mtu aliyetembea siku nyingi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba. Mama Zuhura akanipa chai nimpelekee, na adabu ya pale haikuniruhusu kuiweka na kuondoka. Nikakaa naye.

"Mnatoka mbali, mama?"

"Huko chini, baada ya kijiji cha Ulaya." Alipuliza chai. "Nimekuja na Daktari kuomba dawa. Nilikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja. Wamebaki kumi na tisa."

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama walikuwa wamechanjwa.

"Wote. Nilishika pembe mimi mwenyewe, na wanangu wakashika mikia. Daktari alisema, sasa mama ugonjwa hautaingia hapa. Ukaingia. Wanakohoa, wananyoosha shingo hivi, wanakufa wamesimama." Alinyoosha shingo yake kunionyesha, na kikombe mkononi hakikutikisika. "Watu wanasema dawa ya Daktari ilikuwa maji. Mimi nasema si maji. Huyu mama hawezi kunichoma maji. Lakini sijui ni nini."

Nilichukua kikombe chake kikiwa hakijaisha, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Upande wa pili wa ubao walikuwa wameshaanza.

"Ni ule waya," Mama Zuhura alikuwa akisema. "Foibe alikuambia siku ile, nilisikia. Mwambie Daktari."

"Nikamwambie nini? Kwamba Kibwana ameua ng'ombe? Nani ataleta gari hapa tena?"

"Na mtoto akisema?"

"Atasema nini. Aende wapi, na nini? Vyeti viko kwangu."

Kisha sauti ya Mama Zuhura, ndogo sana: "Viko kwako." Nilisikia alivyolitamka lakini akili yangu haikulishika. Akili yangu ilikuwa kwenye ile shingo iliyonyooshwa. Nikaona jambo moja kwa uwazi wa kuumiza: kwamba mwaka mzima nilikuwa nimehesabu nitapoteza nini nikitoka, na sikuwahi kuhesabu ninapoteza nini nikikaa. Nikafungua mlango.

Daktari aliporudi kutoka posta, Mama Nashipai alikuwa ameenda sokoni kununua sukari. Nilimwomba Daktari awashe injini. Akawasha. Nikamwomba ashuke, apige magoti karibu nami nyuma ya gurudumu. "Shika hapa," nilimwambia. Akaushika ule waya chini ya chesisi, akauachia haraka, ulikuwa unachoma. Nikaweka mita kwenye alternata, akasoma. Nikaingia naye kwenye tela, nikaweka mita kwenye betri, akasoma tena. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Betri zilikuwa karibu kufa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile tulipofunga."

"Siku ile nilikuuliza."

"Ndiyo, Daktari."

"Ukaniambia imekaa. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Nilitegemea anipige kofi, na nadhani lingenisaidia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, akafungua friji, akatoa chupa moja ndogo ya chanjo akaigeuza geuza kwenye kiganja. "Nimewaandikia wakubwa kwamba dawa ilikuja mbovu kutoka ilikotengenezwa," alisema taratibu. "Nimemwapia yule mama kwa jina la Mungu." Halafu: "Utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Mzee Kibwana alikuwa ameshafika mlangoni mwa tela. Alianza kwa sauti kubwa, kwamba mimi ndiye niliyefunga, kwamba mafundi wote wameniona chini ya lori. Mimi nikashuka, nikasimama mbele yake, nikasema, "Mzee, naomba vyeti vyangu."

"Ukitoka na huyu leo, hupati."

"Nitatoka. Naomba vyeti."

Ndipo Mama Zuhura alipotoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko. "Kibwana, mwambie," alisema. Akamngoja kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Havipo, mwanangu. Masika yale sebule ilivuja, maji yakaingia kabatini. Tulipofungua, bahasha ilikuwa uji mtupu. Nilivianika, vikaoza. Nikavitupa mimi."

Masika. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto: wa nne, wa tano, mpaka wa kumi na moja. Miezi minane nilikuwa nimefungiwa na kabati tupu. Siwezi kusema kipi kilinichoma zaidi, yeye kunishika kwa kitu kisichokuwepo, au yule mama aliyenikatia miwa vipande vidogo huku anajua. Mzee Kibwana alikaa juu ya tairi bovu. Akawa mdogo ghafla. "Ningefanyaje?" alisema, akitazama mahali ambapo sikuwepo, kidogo pembeni ya uso wangu. "Mita siioni tena. Mwaka wa pili sasa sioni namba. Ule waya niliokupa, niliushika tu, sikuuona. Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu."

Huyo ni mtu wa pili aliyeniambia habari za macho yake mwaka ule, na wote wawili niliwaangusha, mmoja kwa kusema uongo na mwingine kwa kuondoka. Nimelifikiria sana. Laiti angesema mwezi wa nne, mwanangu vyeti vimeoza na mimi nakuwa kipofu, kaa nami, huenda ningekaa. Sina hakika. Najua tu kwamba hakuniomba. Na kule Morogoro, nilipokwenda chuoni mwaka uliofuata nikiwa nimejiandaa kulia mbele ya mkuu, karani alinipa fomu moja, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu nichukue nakala. Wiki tatu. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile nikacheka mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Niliondoka Mikumi siku ileile, mchana, na nguo zangu kwenye ndoo. Kwenye lori tulikaa watatu, Mama Nashipai katikati na mfuko wake wa sukari mapajani, na kwa masaa yote ya njia ile mbovu hakuna aliyesema neno ila yeye, aliyekuwa akitaja majina ya watu waliokaa kwenye maboma tuliyoyapita. Nilidhani nikishatoka getini nitapumua. Lori lile lilikuwa finyu kuliko chumba changu.

Bomani kwake walikusanyika watu kumi na zaidi, wanaume wamesimama na fimbo zao. Daktari alinishusha, akarudi nyuma hatua mbili. Nikasema. Nilisema waya ulikuwa mwembamba, kwamba friji ilikuwa haipoi, kwamba dawa iliharibika kwa joto kabla ya kufika hapa, na kwamba nilijua na nikamwambia Daktari imekaa. Kijana mmoja alitafsiri kwa wazee, na wakati anatafsiri niliwatazama ng'ombe waliobaki. Walikuwa wamesimama mbalimbali, kana kwamba wenzao waliokufa bado wanachukua nafasi katikati yao.

Mama Nashipai hakungoja tafsiri. "Uliponiletea chai, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukaniuliza kama wamechanjwa."

"Ndiyo."

Mwanamume mmoja akasema kitu kwa ukali, na wengine wakaitikia. Mama Nashipai akainua mkono. Alinitazama muda mrefu. Sikuona huruma machoni mwake, na leo namshukuru kwa hilo. "Nenda ukafunge huo waya wako," alisema. "Mkirudi na dawa, wewe uje nayo. Sitaki kusikia taa. Nataka mtu."

Waya mnene uliletwa Kilosa kwa basi siku ya tano. Nilifunga kazi ile kwenye uwanja wa ofisi ya mifugo, siku mbili, na fyuzi na rilei, na Daktari akisimama pembeni akiuliza kila kiungo ni cha nini, kwa sauti kavu isiyosamehe. Chanjo mpya ikaja, na kipimajoto kikaja. Tukarudi tambarare. Njiani nilipanda kwenye tela na chanjo, ingawa hairuhusiwi, mlango ukifungwa kwa nje kwa sababu ya vumbi. Joto lilikuwa la tanuri. Nilikaa sakafuni na mgongo kwenye kitanda, nikiukumbatia mlango wa friji kila lori liliporuka shimo, jicho kwenye mstari mdogo wa zebaki, nao haukupanda.

Tulipofika, Mama Nashipai alikuja mwenyewe akafungua komeo. Aliingia, akainama, akaniuliza mstari umesimama wapi. Nikamwonyesha. Akakitazama kipimajoto kwa uangalifu kama mtu anayesoma barua ya mwanawe, akahakikisha, akatoka nje akawaita wanawe wakashike pembe. Kila chupa iliyotoka niliitoa mimi, nikaipeleka kwa Daktari nikiwa nimeifunika kwa viganja viwili, nikarudi ndani kusubiri nyingine. Ng'ombe wa kumi na tisa alichomwa sindano jua likiwa bado juu. Kisha wakaanza kuja wa majirani.